Jibu la msomaji: Shamba likiuzwa, pesa inakwenda wapi?

Wiki hii mmeuliza: "Je, mzazi auze ardhi ili mtoto akasome Ulaya?" Swali limenigusa pabaya, maana mtoto mwenyewe ni mimi. Mwaka 2023 mzee aliuza kipande chetu cha Vurra, huku kwetu Uganda, nikaenda Berlin, na mpaka leo nikipita sokoni Arua kuna watu wanaosema nimekula shamba.

Shamba halikulipa chuo. Vyuo vikuu vya umma vya Berlin havitozi karo; unatoa mchango wa kila muhula tu, na ndani yake mna tiketi ya treni na basi. Shamba lililipa viza. Ujerumani inamtaka mwanafunzi aweke pesa ya matumizi ya mwaka mzima kwenye akaunti iliyofungwa: wakati wangu euro 11,208, siku hizi 11,904, yaani zaidi ya shilingi milioni 40 za Uganda. Ukishafika unaachiwa kidogo kidogo. Mimi 934 kwa mwezi. Toa kodi ya chumba, toa bima ya afya, kinachobaki ni cha chakula. Huku nyumbani jirani kashasikia milioni 40.

Tena hata hizo 934 zilinitoa jasho. Nilipanga chumba mtaa wa Neukölln kwa kijana ambaye naye alikuwa mpangaji, kodi anaitaka taslimu. Sheria ya kule inakutaka ukaandikishe anwani yako Bürgeramt, ofisi ya serikali ya kuhudumia wakazi, ndani ya wiki mbili baada ya kuhamia, na uende na karatasi iliyosainiwa na aliyekupa nyumba. Ni barua ya LC1, mwenyekiti wa kijiji, kabisa, ila LC1 wetu unamkuta chini ya mwembe, unampa kitu kidogo, anagonga muhuri. Yule kijana akasema, "Hiyo siwezi. Mwenye nyumba hajui kama upo." Bila karatasi, siandikishwi. Bila kuandikishwa, benki niliyoiendea ikakataa kunifungulia akaunti ya kawaida ya kupokelea hizo 934. Na bila akaunti, pesa ya Vurra naiona kwenye simu lakini siigusi. Mzee anapiga: "Umeshapokea?" Nasema bado. Ananyamaza, kisha anauliza kama nimekula. Nasema nimekula wali, na mkononi nina mkate mkavu.

Aliyeniokoa ni mama mmoja wa Bukavu. Nilimsikia kwenye treni ya U8 akimgombeza mtu kwa simu, kwa Kiswahili kile cha Kongo kinachokwenda mbio. Alipokata nikasema, "Jambo, mama." Akanitazama toka viatu mpaka kichwani. "Jambo sana. Unatoka wapi? Na koti lako liko wapi?" Akanichukua mpaka kwake mtaa wa Wedding, akanipa chumba cha mwanawe aliyehama, akapiga simu kwa mwenye nyumba papo hapo, akasaini. Miadi ya kujiandikisha ilipatikana Marzahn, upande mwingine kabisa wa jiji, kwa kuwa kule unakwenda ofisi ya wilaya yoyote yenye nafasi. Mama yule hakukubali nimlipe mpaka akaunti ilipofunguka.

Nilikaa kuandika nikiwa na jibu moja: msiuze. Lakini nikikumbuka vizuri, ni kufungwa kwa akaunti ile kulikoniokolea pesa ya shamba. Mjomba aliomba nimkopeshe ya kukomboa lori lake mpakani. Ingekuwa mkononi mwangu ningempa, nani angemkatalia mjomba? Nilimtumia picha ya akaunti, akaona mwenyewe kwamba haitoki. Shahada nimeipata, na kazi ninayo.

Kwa hiyo nasema auze, ingawa mimi wangu sitamuuzia. Asiuze mahali nyumba iliposimama. Kwanza ajaribu ufadhili, au ndugu anayeishi kule mwenye kipato amwekee dhamana, kwani viza inakubali njia hizo pia. Wala asitegemee kwamba mtoto atafanya kazi arudishe shamba. Sheria inamruhusu siku 140 nzima kwa mwaka, na vitabu bado vinamsubiri.

Halafu aulizwe mama. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 inataka ridhaa ya mume au mke kabla ardhi ya familia haijauzwa. Mama yangu alisaini. Ila kalamu alipewa huku mnunuzi amekaa, wazee wamekaa, soda zimeshafunguliwa, na sijui kama hiyo nayo tuiite ridhaa.