Kwa wanaoanza taroti: asiyekuwepo mezani hasomwi

Wadogo zangu, nawapenda, na leo naandika nikiwa nimechoka kidogo. Kila kundi jipya likijiunga nasi kujitafakari kwa taroti, yaani seti ya karata 78 za picha, wiki chache hazipiti kabla sijaona yale yale: mtu kavuta Mnara, karata ya kuporomoka, asubuhi, hakuupenda, akachanga upya, akavuta tena na tena mpaka ikaja Nyota, kisha akaandika daftarini kwamba siku yake imejaa matumaini. Hapo hujatafakari chochote. Umetafuta karata ya kukubaliana nawe. Basi sikilizeni.

1. Karata moja, mara moja. Ukiichukia, andika kwa nini unaichukia, maana kazi yenyewe iko hapo.

2. Picha kwanza, kijitabu cha maana za karata baadaye. Mnavuta karata ya Panga Nane na macho hayajatua bado mmeshafungua ukurasa: kifungo, kukwama. Ngoja! Mwanamke kafungwa kitambaa machoni na kamba kiwiliwili, panga zimesimama kumzunguka, lakini miguu yake iko huru na mbele yake pako wazi. Hilo utaliona mwenyewe ukitulia. Pamela Colman Smith alichora karata zote 78, zikachapishwa London mwaka 1909 kwa mpango wa mwandishi A. E. Waite, na kikubwa alichotuachia ni kwamba hata karata za namba alizitia watu, mvua, mito na madaraja. Seti nyingi za kabla yake zilionyesha vikombe vitano tu, au panga nane tu, basi. Alifariki mwaka 1951 akiacha madeni, na kwa miaka mingi seti hiyo ilitajwa kwa jina la Waite na la mchapishaji, la kwake halimo. Naumia kila nikikumbuka. Kazi ya mikono yake inastahili dakika tano za macho yenu.

3. Swali lako lianze na wewe. Hapa nitakaa, kwa sababu jambo hili liliniumiza na baadhi yenu naona mmeshaanza kulifanya.

Zamani niliuza vitenge na rafiki yangu. Yeye alishika hesabu, mimi nilikaa dukani. Msimu mmoja faida ikashuka kuliko nilivyotegemea. Badala ya kumwambia, "Dada, hebu tukae tupitie daftari," nikajifungia chumbani, nikachanga karata na kuuliza: je, ananiibia? Ikatoka Panga Saba. Mnaijua: mtu ananyata kutoka kwenye mahema amekumbatia panga tano, mbili kaziacha zimesimama nyuma yake. Kijitabu kikasema hila na wizi. Sikutaka kusikia kingine.

Nikaanza kuhesabu mzigo yeye akiwa hayupo. Nikamhoji mteja wetu wa siku nyingi: alilipa kiasi gani, alimkabidhi nani. Nikaacha kumwachia ufunguo. Kila alilofanya likawa ushahidi. Akichelewa, anaficha jambo. Akivaa viatu vipya, ni pesa zetu. Nilikuwa na uhakika ambao hakuna mtu aliyenipa, nimeupata kwenye kipande cha karatasi. Yule mteja, kwa wema wake, akamwambia mwenzangu kwamba namchunguza.

Alikuja na madaftari yote, akayaweka mezani, tukayapitia mstari kwa mstari hadi usiku. Hakuna shilingi iliyopotea. Bei ya mzigo ilikuwa imepanda, na alikuwa ameniandikia hivyo kwenye ukurasa ambao sikuwahi kuufungua. Hakunitukana. Aliniuliza tu, "Kwa nini hukuniuliza?" Sikuweza kumjibu kwamba niliziuliza karata. Biashara tuligawana, na sasa tunasalimiana kwenye harusi na misiba, hakuna zaidi.

Nilipoirudia karata ile baadaye, nikamwona yule mtu anavyogeuza kichwa kutazama nyuma, anaogopa kuonekana. Msimu ule aliyekuwa akinyata ni mimi. Swali langu la haki lilikuwa: naogopa nini kuhusu pesa hizi, na kwa nini nashindwa kulisema? Kwa swali hilo Panga Saba ingenisaidia sana. Kwa hiyo mkiniletea "ananipenda?" au "bosi ana nini na mimi?" nitawarudishia swali mlibadilishe. Mtu mwenyewe yupo, ana simu. Mpigie.

4. Usivute ukiwa na hasira, wala usiku wa manane.

5. Andika jambo ambalo ni lako peke yako. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake maelezo ya tabia, kila mmoja akiamini ameandikiwa yeye. Wote walipewa maandishi yale yale. Walipoulizwa yanawafaa kiasi gani, wastani wao ulikuwa 4.26 kati ya 5. Ndiyo maana nikisoma daftarini "napitia kipindi cha mabadiliko" narudisha daftari. Nani hapitii? Niambie mabadiliko gani, na ni mazungumzo gani unayoyakwepa tangu mwezi uliopita.

6. Tafadhali, acheni kusema taroti ilitoka Misri ya kale. Karata hizi zilianza kaskazini mwa Italia karne ya 15, watu wakizichezea mchezo. Habari ya makuhani wa Misri aliileta mwandishi Court de Gébelin, Paris, mwaka 1781, na hakuwa na ushahidi. Taroti haihitaji kuzeeshwa ili ikufae.

7. Anayecheza karata za kawaida asihangaike kukariri upya makundi manne ya taroti: vikombe ni kopa, sarafu ni uru, fimbo ni pau, panga ni shupaza.

8. Nyumbani wataita ramli. Msibishane nao kwa sauti kubwa, wana sababu ya kuhofia. Anayekwenda kupiga ramli anataka kuambiwa: nani kaniroga, ng'ombe wangu yuko wapi. Sisi picha inatuuliza, nasi ndio wa kujibu. Ila ukifika mahali huwezi kutoka mlangoni bila kuvuta karata, mama yako kasema kweli, ziweke kabatini kwa muda. Na ambaye dini yake inamkataza, asione aibu kuziacha. Daftari na swali zuri vitamfikisha mbali. Mmoja wetu hufanya hivyo, na maandishi yake nayapenda kuliko ya wengi wenu.

Usingizi ukikukimbia wiki nzima, au huzuni ikakubana hata chakula hakipiti, usiniletee karata kumi ulizozitandaza mezani zisomwe pamoja. Nenda kwa daktari au mshauri nasaha, na ukitaka mtu wa kukusindikiza, niite.

Kikao kijacho kila mmoja aje na Vikombe Vitano. Mtu wa joho jeusi, vitatu vimemwagika mbele yake, viwili vimesimama nyuma, daraja liko kule mbele. Andikeni nusu ukurasa: kilichomwagika kwako mwaka huu ni nini, kwa jina lake, na vile viwili ni vipi. Kijitabu kibaki nyumbani.