Leso husomwa kabla ya kukatwa

Mwanangu,

Wa aleikum salaam. Sauti uliyonitumia niliisikiliza juzi baada ya Isha, kisha nikamsikilizisha mamako. Wauliza: huyu mjukuu wangu wa miaka 11, likizo hii ya Agosti nimkalishe dukani kama nilivyowakalisha nyinyi, ajue kazi na jukumu, au nimwache acheze? Na wataka kujua mimi nilitumia mbinu gani.

Mbinu! Mama, sikuwa na mbinu. Nilikuwa na kodi ya duka, na fundi mmoja pale barazani akipinda leso, hizi wengine waziitazo kanga, huku akikohoa. Nilihitaji mikono. Mlikuwa mkirudi shule mwala, mwenda chuoni kusoma Qur'ani, mkitoka chuoni mwaja dukani. Nduguyo akifagia, wewe ukisoma majina, ile misemo iliyoandikwa kwenye leso. Hilo la majina ndilo pekee nililolifanya kwa kusudi, kwa sababu babu yenu aliniachia neno moja tu katika kazi hii: leso husomwa kabla ya kukatwa. Mji wa katikati na pindo la kandoni ni vya kuvutia macho. Mwanamke wa Mombasa hununua jina. Na doti, leso mbili zilizoungana, ikishakatwa na kupindwa hairudi kwenye rafu, ni mali ya aliyeikosea.

Sasa umenikumbusha ile korija ya Likoni, zile doti 20. Sijui kama wewe waikumbuka. Hatujawahi kuitaja.

Ilikuwa Shaabani, mwisho wa 1996, harusi zimebanana kabla ya Ramadhani na Biashara Street haipitiki. Watu wa bibi harusi waliagiza doti 20 za kuwatunza wanawake wa upande wa bwana, jina "Nani kama mama". Nilikuwa na mafungu mawili, mji mmoja, rangi moja, majina mbalimbali. Nikavuta moja. Wewe ukashika ncha, ukasema, "Baba, hii si..." Nikakukata: "Mpe fundi, tunachelewa!" Fundi akakata usiku kucha. Asubuhi mkavuka feri na nduguyo, furushi kichwani.

Mama wa bwana harusi akakunjua mbele ya wageni: "Hasidi hana sababu."

Yule shangazi wa bibi harusi alivyokuja dukani, mtaa mzima ulisimama. Nami, mtu mzima na ndevu zangu, nikakunyoshea kidole. Nikasema huyu ndiye msomaji wetu. Ulinitazama. Ulikuwa na miaka 12. Kisha ukamwambia, "Nisamehe shangazi." Hukuongeza neno. Nikakuvusha tena feri na korija nyengine, ukaombe radhi nyumba nzima.

Tangu siku ile ukawa wahesabu kila kitu mara tatu. Leo wewe ni mkaguzi wa hesabu huko Nairobi, na wazee wenzangu kwenye kahawa huniambia, umelea, duka lako limefunza. Naimeza sifa hiyo pamoja na kahawa, na yote ni chungu.

Labda kweli duka lilikufunza. Lakini lilikufunza kazi, au lilikufunza kubeba makosa ya wakubwa? Mamako asema ulikuwa mwangalifu tangu ukitambaa. Na nduguyo je? Vumbi lilelile alilimeza, na mwaka huu amepoteza simu ya tatu. Hapo nikataka kusema duka halifunzi kitu. Lakini fundi alipolazwa, ni yeye aliyekaa kwenye cherehani mwezi mzima na hakuna aliyemtuma. Basi sijui niseme nini.

Mumeo ameniandikia kwamba Sheria ya Ajira ya 2007 hairuhusu kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 13. Mwambie mimi siajiri mtu. Hata nyinyi sikuwalipa, na hilo nalo lina siku yake.

Ulimi waniwasha, lakini mtoto ni wako, uamuzi ni wako na mumeo. Sisemi mlete, sisemi usimlete. Nasema tu kwamba leso husomwa kabla ya kukatwa, na macho yangu siku hizi hayaoni vizuri maandishi ya leso.

Zile doti 20 niliziuza kwa hasara, isipokuwa moja. Mamako alikataa isiuzwe. Imechakaa, huishikia sufuria, na jina limefutika, limebaki "sababu".

Nambie kama mwaja kwa treni ya asubuhi au ya mchana, nipate kumtuma nduguyo stesheni ya Miritini mapema. Mamako naye ataka kujua samaki anunue lini.

Babako