Mtoto wa miaka 8: karate, taekwondo au judo? Muone mwalimu kwanza

Dada, umeuliza mchezo upi umfae mwanao wa miaka 8 anayeonewa shuleni, na hapo Tabata kuna klabu inayokuahidi mkanda mweusi ndani ya miaka miwili. Wangu wawili wamepita huko, mkubwa karate na mdogo wake wa kike judo, kwa hiyo nakujibu kama mzazi wa kukaa benchi. Ngumi zenyewe sizijui.

Jina la mchezo lisikuumize kichwa. Kwa umri huo anayeamua kila kitu ni mwalimu. Usiende siku ya maonyesho wanapovunja mbao, nenda jioni ya kawaida katikati ya wiki, ukae kimya mpaka wamalize. Mtafute kwa macho mtoto dhaifu kuliko wote, yule mwoga anayekosea kata (mfululizo wa mapigo na hatua za kukariri) kila mara, uone anavyotendewa. Klabu moja niliyokwenda kuangalia, mwalimu alimsimamisha mtoto wa namna hiyo mbele ya wenzake, wakamcheka, na yeye mwalimu akacheka nao. Nilimshika wangu mkono tukaondoka. Wako tayari anaonewa asubuhi. Usije ukamlipia ada aonewe na jioni.

Angalia na maji. Kwa joto letu la Januari na Februari, bado kuna walimu wanaoamini kumnyima mtoto maji ndiyo kumkomaza. Huyo hana mjadala, ondoka. Vilevile anayekataza wazazi kukaa na kutazama.

Sakafu nayo usiidharau. Judo huanza kwa kujifunza kuanguka, wanaita ukemi, kabla mtoto hajamwangusha mtu, na kuanguka kunataka tatami, yaani magodoro ya mazoezi. Ukikuta judo inafundishwa juu ya tarazo, sema asante urudi nyumbani. Kata za karate zinafanyika hata kwenye zege, ila wakifika kwenye kupambana uliza kinga za mikono na meno, na uliza kama watoto wanaruhusiwa kupigana kichwani.

Sasa huo mkanda mweusi. Kwa taekwondo inayofuata Kukkiwon, chombo kinachotoa vyeti vya mikanda, makao yake Seoul, mtoto aliye chini ya miaka 15 hapewi dani (daraja la mkanda mweusi), hupewa poom, daraja la watoto, na mkanda wake una nyekundu na nyeusi. Anayekuahidi mweusi kamili kwa mtoto wa miaka 10, mwambie akueleze ni wa chama gani na nani atausaini. Karate ina mitindo mingi na kila mmoja una taratibu zake, lakini swali ni lile lile. Halafu ulizia bei ya mtihani wa kila mkanda, maana ada ya mwezi inaweza kuwa nafuu na mitihani ikakumaliza. Mwezi wa kwanza usinunue sare, traki na fulana vinatosha mpaka ujue kama atang'ang'ania.

Usajili: klabu ya michezo inatakiwa iwe imesajiliwa kwa Msajili wa Vyama vya Michezo, pale BMT, Baraza la Michezo la Taifa. Omba kuona cheti. Hakikuambii kama mwalimu ana roho nzuri, ila asiye nacho mara nyingi huanza kuzungusha maneno, na hapo unapata jibu lako.

Kama baba yake anaota Olimpiki (wengine ndivyo tulivyo), judo iliingia 1964 na taekwondo inatoa medali tangu 2000. Karate ilichezwa Tokyo 2020, na Paris 2024 haikuwemo.

Na la kuonewa, usilisubirishe mkanda wa njano. Nenda kesho ukaonane na mwalimu wa darasa, mazoezi yaendelee pembeni. Wangu mkubwa alichukua muda mrefu sana kabla hata ya kuanza kuongea kwa sauti.

Hiyo klabu ya Tabata wanafanyia wapi, ukumbini au uwanja wa shule? Na darasa la watoto limetengwa, au wanachanganywa na wakubwa?