Tundu kwenye Gamba la Kombe

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza kama lile tundu la duara kwenye gamba la kombe uliloliokota Jambiani lilitobolewa na mtu aliyetaka kulitunga kwenye uzi. La, si kazi ya mtu. Aliyelitoboa ni konokono wa baharini, na huenda ulimkanyaga bila kujua, kwa kuwa sehemu kubwa ya maisha yake huyapitisha chini ya mchanga.

Wapo wa aina nyingi. Anayejulikana zaidi ni yule ambaye wataalamu humwita Polinices mammilla, aliyeenea kutoka pwani yetu hadi Bahari ya Pasifiki. Gamba lake ni jeupe, linang'aa kama yai lililomenywa, na kwa kawaida lina urefu wa sentimita 3 hadi 5. Watu hulisifu kwa weupe huo, ila mimi naona cha ajabu zaidi ni mguu wake, ule mnofu mpana anaoutumia kulima mchanga akimtafuta kombe aliyejifukia. Akimpata, humkumbatia kwa mguu huo huo.

Kutoboa kwenyewe hakuhitaji nguvu. Kwenye ncha ya mrija wa mdomo wake kuna kiungo kidogo kinachotoa majimaji yenye asidi na vimeng'enya, ambayo hulainisha chokaa ya gamba. Kisha huikwangua kwa ulimi wenye safu za meno madogo mno, akarudi kulainisha, akakwangua tena. Kazi hiyo huenda polepole kiasi kwamba kombe mwenye gamba nene huweza kumchukua siku nzima au zaidi. Tundu likishapenya, huingiza mrija na kula nyama humo humo ndani.

Hebu litazame gamba lako kwa upande wa nje. Utaona tundu ni pana juu na linapungua kuelekea ndani, na ukingo wake ni laini, ilhali mtu akipigilia msumari huacha kingo zilizomeguka. Wanaakiolojia nao hulikagua hilo kabla ya kuliita gamba ushanga, maana matundu ya namna hii yamo hata kwenye visukuku vya zaidi ya miaka milioni 60.

Na usishangae siku ukiokota gamba jeupe la mwindaji mwenyewe likiwa na tundu lile lile, kwani konokono hawa hutoboana hata wao kwa wao.

Mama yako