Kabla hujapokea posa, ulizia jukwaa

Dada yangu, hongera, na pole kwa kukosa usingizi. Umeimba Dar miaka yote hiyo, umerudi Tanga kumuuguza mama, na sasa mwalimu mliyesoma naye pale Ngamiani anataka kuleta posa. Unauliza kama anakupenda wewe au jina lako.

Mimi jibu naliona kwenye ile chupa ya uji. Umesema kila alfajiri humpitishia mama uji kabla ya kwenda shuleni, hata wiki ile uliyokuwa safarini kwenye maonyesho. Hapo hapakuwa na shabiki wala kamera.

Kinachonitia wasiwasi ni ombi lake kwamba mkioana uache jukwaa. Hilo lizungumzeni kabla posa haijapokelewa, na shangazi yako awepo. Muulize hasa anaogopa nini: safari za usiku, maneno ya watu, au kazi yenyewe haitaki? Safari zinapangika. Maneno ya watu yatachoka yenyewe. Lakini akisema kazi haitaki, tafadhali usikubali kwa kutumaini atabadilika mkishaoana. Utaumia, naye ataumia.

Kuhusu mali usihofu sana. Kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kuolewa peke yake hakukuondolei umiliki wa ulichochuma. Nyimbo zisajili COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, kwa jina lako, na mikataba itunze mwenyewe.

Mama anasemaje? Hukugusia, na yeye ndiye anayemwona huyo bwana kila asubuhi.