Tour de France Femmes: usisubiri kilomita tano za mwisho

Anayefungua matangazo ya mbio hizi za baiskeli za wanawake zikiwa zimebaki kilomita tano atajua nani ameshinda siku hiyo, ila hatajua nani amepoteza mbio. Chukua mwaka 2024. Hatua ya tano iliishia Amnéville, na Demi Vollering akiwa na jezi ya njano, ya anayeongoza mbio zote, alianguka zikiwa zimesalia kama kilomita sita. Alifika dakika 1 na sekunde 47 nyuma ya mshindi, Blanka Vas, ambaye alikuwa wa timu yake mwenyewe. Siku tatu baadaye Vollering huyohuyo alishinda hatua ya mwisho, juu ya mlima wa Alpe d'Huez, na bado akaikosa Tour kwa sekunde 4. Aliyewasha runinga mwishoni mwa siku ile alimwona wa kwanza akikosa njano na wa nne, Kasia Niewiadoma wa Poland, akivishwa. Bila kujua kilichotokea Amnéville, huwezi kuielewa picha hiyo.

Mbio za hatua ni hesabu ya kujumlisha. Muda wa kila siku unaongezwa kwenye wa jana, na mwenye jumla ndogo kuliko wote ndiye anayevaa njano. Kwa hiyo siku inayoonekana ya kawaida ndiyo mara nyingi inayokula watu.

Kwanza, saa na bando

Ratiba rasmi huandikwa kwa saa za Ufaransa, na mwezi wa saba na wa nane Ufaransa iko nyuma ya Nairobi, Dar es Salaam na Kampala kwa saa moja. Ukiona 15:30 kwenye ratiba, kwetu ni saa kumi na nusu jioni. Aliyeko Muscat au Dubai aongeze saa mbili. Kigali, Bujumbura, Goma na Lubumbashi hakuna cha kuongeza, saa zinalingana. Wengi husahau saa hiyo moja, wanawasha mapema na kulisha bando lao matangazo ya biashara.

Na bando lenyewe si mchezo. Video ya ubora wa kawaida hula takriban GB 1 kwa saa. HD inaweza kufika GB 3. Hatua ya saa tatu na nusu ukiitazama yote kwa HD, GB 10 zimekwenda. Fuata mwanzo kwa maandishi, kwenye tovuti rasmi ya mbio au ProCyclingStats, ambako kurasa hula data kidogo sana, kisha ingia kwenye video pale utakapokuwa umepanga. Haki za kurusha mbio hutofautiana kati ya nchi na nchi na hubadilika mwaka hadi mwaka. Angalia orodha ya vituo wiki moja kabla. Anayeangalia asubuhi ya hatua ya kwanza huishia kuhangaika na viungo vya wizi vinavyokatika mlimani.

Jioni ya kabla: dakika kumi na mchoro wa njia

Kila hatua ina mchoro unaoonyesha njia inavyopanda na kushuka. Usitazame urefu wa vilele pekee. Mpando hupewa daraja: la 4 ndilo jepesi, la 1 ni gumu, na juu yake kuna HC, yaani uliozidi madaraja. Lakini daraja halikwambii linalofaa kujua, ambalo ni asilimia ya mwinuko pamoja na umbali kutoka kileleni hadi mstari wa mwisho.

Asilimia kwanza. Col de la Madeleine, iliyoamua Tour ya 2025, ina kilomita 18.6 kwa wastani wa 8.1%: kila mita 100 za barabara unapanda mita 8.1. Kwenye mwinuko kama huo kasi ni ndogo, upepo hausumbui sana, na kukaa nyuma ya mgongo wa mwenzako hakukupi nafuu kubwa. Wasaidizi wanaisha mmoja mmoja, mwenye miguu anabaki peke yake. Pauline Ferrand-Prévot alichukua hatua na njano hapohapo. Mpando wa 3% au 4% ni kitu kingine kabisa: kasi bado ni kubwa, kujikinga upepo bado kunalipa, na timu yenye watu wengi inaweza kumfunga mpandaji bora kuliko wote. Ukiona mpando mrefu usio mkali, usitarajie makubwa.

Kisha umbali. Kilele kikiwa mstarini, kila sekunde iliyopatikana mlimani inabaki. Kilele kikiwa kilomita 20 kabla ya mwisho na bondeni kuna tambarare, aliyetangulia peke yake yuko hatarini, kwa sababu nyuma watu watano wanapokezana kukata upepo na yeye hana wa kumpokea. Mteremko nao una hukumu yake. Mwaka huohuo wa 2025 Sarah Gigante alikuwa wa pili Madeleine. Kesho yake, kwenye miteremko, akaachwa na kutoka kwenye tatu bora. Mchoro wa njia huonyesha mteremko kana kwamba ni mapumziko. Si mapumziko.

Siku za tambarare, acha mchoro, fungua utabiri wa hali ya hewa. Tafuta upepo unaopiga ubavuni, kwenye maeneo ya wazi yasiyo na miti wala nyumba. Ukivuma kwa kilomita 30 kwa saa au zaidi, timu yenye akili itajipanga mshazari kutoka ukingo mmoja wa barabara hadi mwingine. Nafasi za kujikinga ni chache. Aliyekosa anabanwa pembeni kabisa, anapigwa na upepo mzima, anaachia pengo, na wote walio nyuma yake wanaachwa naye. Dakika mbili zinatosha kulikata kundi, na hilo linaweza kutokea zikiwa zimebaki kilomita 80. Dalili yake ni moja: timu nzima nzima zinaanza kugombania mbele kabla ya kona, ilhali hakuna mlima wala mstari wa mwisho karibu. Ukiona hivyo, usiende kupika chai.

Majina, na ujanja wa namba

Kuna timu 22 zenye waendeshaji saba saba, jumla 154. Hakuna anayekutaka uwajue wote. Chagua vinara wanane na kwa kila mmoja msaidizi mmoja wa milimani. Namba za mgongoni zitakusaidia: timu ya kwanza huvaa 1 hadi 7, ya pili 11 hadi 17, ya tatu 21 hadi 27, na kuendelea. Namba inayoishia na 1 kwa kawaida ndiye kinara. Ukimwona 41 yuko nyuma akibadilisha gurudumu na 43 na 45 wamesimama wakimsubiri, umeshaelewa kinachoendelea hata kama mtangazaji anazungumzia majumba ya kale.

Angalizo kwa sisi wa Afrika. Kim Le Court-Pienaar wa Mauritius alivaa njano mwaka 2025, Mwafrika wa kwanza kufanya hivyo katika mbio hizi. Aliipata baada ya hatua ya Quimper, akaipoteza, akairudisha kwa kushinda Guéret, na akaitunza hadi Madeleine. Wengi walilia alipoachwa pale. Hapakuwa na sababu ya kulia: yeye hutisha kwenye vilima vifupi na miisho ya kundi dogo, na mpando wa kilomita 18 ni kazi ya mwili wa aina nyingine. Njano ya siku za mwanzo huonyesha anayeongoza leo. Haimtaji mshindi wa mwisho.

Jezi nyingine nizipitie haraka. Kijani ni ya pointi, hasa za wenye kasi ya mwisho. Nyeupe yenye madoadoa mekundu ni ya milima. Nyeupe tupu ni ya walio chini ya miaka 23. Mwendeshaji akiongoza mashindano mawili, anavaa jezi kubwa zaidi na nyingine anaazimwa wa pili. Kwa hiyo usimhesabie mtu uongozi kwa kutazama nguo.

Kuzisoma sekunde

Weka karatasi na kalamu. Kila siku andika vinara wako wanane na tofauti zao na njano, kisha rekebisha baada ya hatua. Mstarini watatu wa kwanza hupunguziwa sekunde 10, 6 na 4 za bonasi kwenye hatua za kawaida. Rudi Alpe d'Huez: Vollering alianza siku akiwa nyuma kwa dakika 1:15. Akamwacha Niewiadoma kwa 1:01, akapata bonasi ya sekunde 10, jumla 1:11. Zikabaki 4. Aliyekuwa na karatasi alijua kabla ya mtangazaji.

Pengo geuza kuwa mita, ndipo litaeleweka. Mlimani kwa kilomita 18 kwa saa, mtu husafiri mita 5 kwa sekunde, kwa hiyo sekunde 4 ni mita 20 na dakika nzima ni mita 300: bado anamwona aliye mbele. Tambarare kwa kilomita 45 kwa saa ni mita 12.5 kwa sekunde. Dakika ni mita 750, na baada ya kona mbili haonekani tena. Ndiyo maana pengo la sekunde 20 mlimani linaweza kudumu nusu saa bila kuzibika, na tambarare likafutwa ndani ya kilomita tatu.

Kwa waliochomoka mapema kuna kanuni ya zamani: kundi kuu likiamua kukimbiza kwenye tambarare, hula takriban dakika moja kwa kila kilomita 10. Zikiwa zimebaki kilomita 30 na pengo ni dakika mbili, watakamatwa. Ila kanuni hii inahitaji timu inayotaka kukimbiza. Wanawake wakiwa saba kwa timu, wasaidizi huisha mapema, vinara wanaanza kutazamana kila mmoja akisubiri mwenzake afanye kazi, na aliye mbele anaondoka. Maëva Squiban alishinda hivyo Ambert na tena Chambéry, siku mbili mfululizo mwaka 2025.

Namba za pengo unazoziona kwenye skrini zisikutie presha. Zinaweza kuruka kutoka sekunde 45 hadi 70 ndani ya kona moja kwa sababu tu kundi linalopimwa limebadilika. Ukitaka uhakika, chukua alama ya barabarani, bango au tao la kilomita, anza kuhesabu akipita wa mbele na simama akipita wa nyuma.

Mstarini napo kuna mtego. Wanaofika pamoja hupewa muda mmoja, hata wakiwa sitini. Na kwenye hatua zinazotarajiwa kuisha kwa kundi, anayeanguka au kuharibikiwa na baiskeli ndani ya kilomita tatu za mwisho hupewa muda wa kundi alilokuwemo. Ndiyo maana kilomita sita za Amnéville ziliuma vile: Vollering alikuwa nje ya eneo la huruma. Waamuzi hukaa baada ya hatua na matokeo yanaweza kubadilika, basi subiri karatasi rasmi kabla ya kuanza ubishi kwenye grupu la WhatsApp.

Kwa mlioko Ulaya: kando ya barabara

Waliosimama Kigali Septemba 2025 kwenye mashindano ya dunia walizoea kuwaona waendeshaji wakipita mzunguko baada ya mzunguko. Mbio za hatua hupita mara moja. Ukisimama tambarare, kundi zima limekwisha kabla hujapata picha. Simama mlimani, kwenye theluthi ya mwisho ya mpando, penye mwinuko mkali na barabara iliyonyooka. Hapo wanapita mmoja mmoja au watatu watatu, na kutoka wa kwanza hadi wa mwisho inaweza kuzidi nusu saa.

Barabara hufungwa kwa magari saa kadhaa kabla. Panga kutembea au kupanda kwa baiskeli, ubebe maji yako, chakula, kofia na koti. Mita 2,000 juu ya bahari, jua likizibwa na wingu utalitafuta hilo koti hata mwezi wa nane. Mtandao hudhoofika watu wakijaa. Hifadhi ratiba ya njia kwenye simu mapema. Ratiba hiyo ina muda wa kupita kila mahali kwa kasi tatu tofauti. Jipange kwa ile ya haraka.

Kwanza unapita msafara wa magari ya wadhamini yakirusha kofia na peremende, halafu kunapoa kiasi cha kudhani umekosa kitu. Hujakosa. Pikipiki za polisi zikianza kuongezeka, rudi nyuma hatua mbili. Usisimame upande wa nje wa kona ya mteremko, maana anayekosea kona huishia hapo. Usinyooshe simu au bango barabarani: mwaka 2021, kwenye Tour ya wanaume, mtazamaji aliyelipa kundi mgongo akionyesha bango kamera za runinga aliangusha kundi kubwa la watu, akatozwa faini ya euro 1,200. Usikimbie kando ya mwendeshaji, na usimwagie maji ambaye hajayaomba.

Akishapita wa kwanza wako watu hukunja viti na kuingia barabarani. Nyuma bado kuna wenye kasi ya mwisho wanaopambana na muda wa kikomo, wakija kimyakimya na magari ya timu yakiwafuata. Subiri gari la kufagia, linalobeba walioshindwa kuendelea, na baada yake gari lenye maandishi ya Kifaransa *Fin de course*, yaani mwisho wa mbio. Hilo likipita, shuka polepole kwa ukingo wa kulia, kwa sababu kutoka kileleni kuna waendeshaji na mabasi ya timu yanayoteremka kwa njia hiyohiyo.