Mbawakawa na misonobari

Shikamoo mzee. Mwanangu anasoma Japani. Anasema huko misonobari hukauka wakati wa joto, na anayelaumiwa ni mbawakawa. Mdudu anauaje mti mzima?
Mama, Kasulu, Kigoma

Marahaba, mama. Muuaji hasa ni minyoo isiyoonekana kwa macho. Mbawakawa ndiye anayeibeba. Kati ya Mei na Julai hivi hutoka kwenye mti uliokufa, akiacha tundu la duara linaloweza kupitisha penseli. Huenda kutafuna magome ya vitawi vichanga vya mti wenye afya, na minyoo ikaingilia kwenye vidonda hivyo. Maji hayapandi tena, majani yanageuka mekundu. Jike hutaga kwenye mti unaokufa, na viluwiluwi wake hukaa humo majira yote ya baridi. Hapo ndipo pa kuwawahi: mti ukatwe na kuchomwa kabla hawajatoka. Kinachonitia hofu ni mbao mbichi zinazosafirishwa, maana zinaweza kuwabeba hadi nchi nyingine. Ureno iligundua ugonjwa huu kwake mwaka 1999.